Tuchukulie Lenzi Nyembamba

2 Desemba

Naandika humu kwa sababu sina wa kusema naye. Bibi ni kiziwi kila anapoamua kuwa kiziwi, Ija, mama yetu, hasemi, na Baba amekwisha rudi Delhi kwenye jiko la hoteli yake. Juzi tumemwoza Dada Hansi. Shemeji Diwan ni askari, likizo yake fupi, kwa hiyo harusi ilipigwa haraka kama vile tunamkimbiza mwizi.

Wamempeleka Silkhet, upande wa pili wa bonde. Nikisimama uani naliona paa lao la mawe, la tatu kutoka kwenye msonobari. Kwa macho ni hapo tu. Kwa gari ni saa mbili, maana barabara inashuka mpaka darajani, ndipo ipande tena.

Alipokuwa anatoka mlangoni alirusha mchele nyuma, juu ya kichwa, bila kugeuka, kama bibi arusi yeyote wa kwetu. Ija akaukinga kwa upindo wa sari. Mimi nilikuwa pembeni na wazo la kipuuzi kichwani. Dada ndiye aliyenifundisha alama za lenzi, tena hapo hapo uani. Alinisimamisha akasema, "Wewe ndiye lenzi. Uso uelekeze nuru inakokwenda. Kilicho mbele yako ni chanya, kilicho nyuma ni hasi. Usisahau tena, kichwa cha malenge." Sasa sisi sote tumekuwa nyuma yake, mimi, Ija, Bibi, na nyumba yenyewe.

3 Desemba

Ukungu. Bonde limejaa pomoni, paa halionekani.

7 Desemba

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajichanganya mwenyewe. Machi iliyopita Dada alifaulu masomo yote ya darasa la kumi na mbili isipokuwa fizikia. Si kwamba haijui! Anaijua kuliko sisi wote. Tatizo lake ni kwamba uthibitisho wa fomula wenzake wanauimba kama wimbo wa harusi, yeye anaufikiria upya kila mara kuanzia chini. Anafika, lakini kengele inafika kwanza.

Bodi ya mitihani inamruhusu kurudia karatasi hiyo moja. Jina limekwisha andikishwa, tarehe 4 Machi, siku ileile nitakayofanya mimi. Akiipata, cheti kinatoka, na kwa cheti chuo cha uuguzi kitampokea. Shemeji mwenyewe amekubali. Asipoipata, miaka yote hiyo ya kupanda mlima kwenda shule imekwenda na maji.

Mavyaa yake alisema mbele ya wageni, mdomo umejaa peremende, "Mtihani mmoja tu! Nani wa kumzuia? Atakwenda." Nimeliandika neno hilo hapa makusudi.

12 Desemba

Mwalimu Upreti ametupa orodha ya thibitisho muhimu. Zenye nyota tatu ni za kufa na kupona, zenye nyota mbili ni za mwenye akili, yenye nyota moja ni ya mwenye nafasi. Kila moja inaanza kwa neno "Tuchukulie", na darasa zima tunaitikia. Tuchukulie dipoli. Tuchukulie kapasita yenye bapa mbili. Tuchukulie koili ya mviringo. Ameapa kwa mwavuli wake kwamba dipoli inakuja mwaka huu.

"Na fomula ya lenzi, Mwalimu?" nikauliza.

"Nyota moja. Ilikuja juzijuzi. Unataka mtunga mtihani awe chizi?"

20 Desemba

Dada amepiga simu! Silkhet hakuna mtandao, lakini juu ya kijiji, kwenye mialoni wanakokwenda kukata majani ya mifugo, unashika kidogo. Nilikuwa jikoni. Nikamwita Ija, akaja na mikono ya unga, akasikiliza sauti tu, hakusema kitu zaidi ya "Unakula?" Kisha akanirudishia simu akaenda kusimama dirishani.

"Haya, nipe dipoli kwenye mhimili," Dada akasema.

"Tuchukulie dipoli yenye chaji mbili zilizo sawa na kinyume, zikitenganishwa na..."

"Usiniimbie! Wewe uko pale kwenye nukta. Unaona nini?"

"Naona chaji mbili."

"Ipi iko karibu?"

"Ile chanya."

"Basi ipi inakusukuma kwa nguvu zaidi? Ndiyo uthibitisho mzima huo, mengine ni kuhesabu tu."

Nyuma yake nikasikia wanawake wanacheka, na mmoja anauliza, "Hansi, unamgombeza nani huyo?"

"Mdogo wangu."

"Kwa lugha gani?"

Mtandao ukakatika. Nimeufanya uthibitisho ule bila kutazama kitabu. Mara ya kwanza katika maisha yangu sikuuimba.

21 Desemba

Nimemkuta Ija kakaa ameutazama ukuta wa jikoni. Ukuta mtupu.

Zamani ulikuwa mweusi. Dada hakuwa na subira ya kutafuta karatasi. Chai ikichemka yeye anachukua kaa la moto lililozimika anaandika ukutani. Na akimaliza fomula lazima ajifute vidole hapo hapo chini yake, michirizi minne. Ija alikuwa akipiga kelele, "Huu ni ukuta au ni nguo yako?" Wiki ya harusi, wageni wanakuja, Ija akachanganya udongo na samadi akaupaka wote. Umekuwa msafi, kila mtu aliusifia.

Nilimuuliza anatazama nini. Akasema anaangalia kama umepata ufa.

4 Januari

Theluji usiku kucha. Shule imefungwa. Nimefanya kapasita, nimefanya kasi ya elektroni kwenye waya. Hakuna simu, nani aende msituni kwenye theluji.

15 Januari

Sikukuu ya kunguru. Ija amekaanga ndege wa unga wenye sukari guru, akawatunga kwenye nyuzi. Watoto wa jirani wamezivaa shingoni tangu alfajiri wakiwaita kunguru waje wale. Ija ametunga uzi mmoja wa ziada. Hakusema wa nani, akautundika kwenye msumari wa mlango, na Bibi, aliye kiziwi, akasema, "Waite kunguru na kwa niaba ya yule." Nikatoka uani nikaita kwa sauti kubwa kuelekea Silkhet. Nikajiona mjinga, na nikaita tena.

23 Januari

Simu. Dada ana sauti ya mafua. Anasema mavyaa yake goti limevimba, hashuki ngazi, hivyo kazi zote za nje ni zake: majani, maji, kuni, na nyati wa maziwa ambaye ana mimba kubwa.

"Unasoma saa ngapi?"

"Nasoma nikiwa kwa nyati. Yeye hana maswali."

"Na yule Mama Goti anakuruhusu?"

"Kundan, adabu!" Lakini alicheka. Tangu leo yule mama ni Mama Goti.

Tukafanya lenzi kwa simu, kuanzia uso wa kwanza. Nuru inaingia kwenye kioo, inapinda, inataka kutengeneza taswira. Kabla haijafika, uso wa pili unaidaka. "Sasa hiyo taswira ya kwanza," Dada akasema, "haikuwahi kuwepo kweli. Lakini uso wa pili unaichukua kama ndicho kitu chenyewe. Ukijumlisha milinganyo miwili, inajifuta, haionekani kabisa kwenye jibu. Huoni ilivyo nzuri?"

Nikamwambia ni nyota moja.

"Mwambie Mwalimu Upreti nyota yake nimeichukua mimi."

24, 25, 26 Januari

Ukungu, ukungu, ukungu. Naichukia Silkhet na mawe yake.

8 Februari

Mtihani wa majaribio. Fizikia nimepata vizuri isipokuwa alama ya hasi kwenye umbali wa kitu, nimeisahau tena. Mwalimu Upreti kaizungushia duara jekundu na kuandika "LINI?"

17 Februari

Nyati wa Silkhet amezaa. Habari imeletwa na dereva wa jipu, Gopal, ambaye anajua kila mimba ya bonde hili. Ndama jike, mzima. Ija kafurahi.

20 Februari

Leo nimevunja kikombe. Nieleze.

Dada alipiga simu mchana. Hakuanza na dipoli. Akasema, "Kundan, nakwambia wewe kwanza, Ija utamwambia wewe. Siji."

Nikamuuliza haji wapi.

"Mtihani. Nyati hakubali mkono mwingine. Mavyaa amejikokota akajaribu, kapigwa teke. Jirani amejaribu, nyati kayazuia maziwa yote kiwele kikavimba kama jiwe. Nikikosa kumkamua jioni na asubuhi, atapata homa ya kiwele, na ndama atakufa. Hawana kingine hawa, Kundan. Mshahara wa Diwan bado unalipa harusi."

"Si alisema mbele ya watu! Si alisema nani wa kumzuia!"

"Hajanizuia. Amekaa ngazini tangu asubuhi analia goti lake. Ameniambia niende tu. Mimi ndiye niliyesema siendi. Ungemwona yule nyati usingesema."

"Basi uwe muuguzi wa nyati!" nikamwambia. Mtandao haukukatika. Ulikuwa safi kabisa, nikamsikia anavyopumua. Kisha akasema taratibu, "Usisahau alama ya hasi," akakata yeye.

Hapo ndipo kikombe kilipokwenda ukutani. Ija akaingia, akaokota vipande bila kuniuliza. Nikamwambia yote. Nilimwita Mama Goti mchawi, mnafiki, na majina mengine ambayo siandiki humu. Ija akaendelea kuokota.

Mwishoni akauliza kitu kimoja, "Anapomkamua anavaa nini?"

"Nitajuaje mimi anavaa nini?"

21 Februari

Mvua. Nimejaribu kusoma. Kila "Tuchukulie" inaniudhi. Tuchukulie nini? Mbona mimi sijachukuliwa maoni?

22 Februari

Jioni, Ija akiwa anakanda unga, bila kumtazama mtu, akasema, "Nyati hajui sura. Anajua nguo na harufu."

Bibi akasikia mara moja. "Unasema nini wewe?"

"Nasema nitakwenda Silkhet. Nivae sweta na shali ya Hansi, nimkamue jioni na asubuhi. Yeye aje."

Ebo! Nyumba ililipuka. Mama hakanyagi kwa bintiye aliyeozwa akakaa, na hata akipita hapo na jua limempiga utosini, hanywi maji ya nyumba ile, sembuse chakula. Ukishamtoa binti umemtoa, huendi kula kwake huko huko. Bibi alisema watu wa bonde zima watacheka mpaka meno yaanguke.

"Utalala kwa mkweo?"

"Usiku mmoja."

"Utakula nini?"

"Nitabeba mikate yangu."

"Na maji? Utabeba na mto?"

"Nitabeba chupa. Ikiisha nitakaa na kiu. Mtu hafi kwa siku moja."

Bibi akamwita mwendawazimu. Ija akageuza donge la unga. "Ukuta wake niliupaka mimi mwenyewe kwa mikono hii," akasema, "mnisifie nimekuwa msafi." Bibi hakuelewa. Mimi nilielewa nikainamia kitabu nisionekane.

Mwishowe Bibi akasema, "Ng'ombe wetu atakamuliwa na nani?" Hapo nikajua tumeshinda.

25 Februari

Gopal amepeleka ujumbe na kuleta jibu. Mama Goti amekubali. Aliposikia, Gopal anasema, alijifunika uso kwa shali. Kwa aibu au kwa furaha, Gopal hajui, na Gopal anajua kila kitu.

1 Machi

Mipichi imechanua. Paa linaonekana wazi, na moshi.

3 Machi

Ija ameondoka saa saba mchana na mikate yake, viazi vya pilipili, na chupa mbili za maji. Kavaa sari yake ya buluu na koti la kahawia la Baba. Hajawahi kupanda jipu akiwa peke yake.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa uani na kitabu. Nikaona jipu linasimama chini, na Ija anapanda ngazi za mawe. Sari ya buluu, koti la kahawia, kichwa kimefunikwa. Nikajua wamemrudisha, basi, kila kitu kimeharibika. Nikapiga kelele, "Ija! Wamekukataza?"

Akanyanyua uso. Dada Hansi.

Amekonda. Ana kipini kikubwa puani na rangi nyekundu ya ndoa kwenye utosi. Tulitazamana, halafu akasema, "Kichwa cha malenge, pokea mfuko," sauti ikamkatika katikati ya neno mfuko.

Walibadilishana nguo barabarani. Gopal alikuwa na abiria wengine na haraka zake, akawaambia wana muda wa kugeuza gari tu. Nyuma ya mwamba Dada akavua sweta na shali na sketi yenye harufu ya nyati, Ija akavua vyake. "Tulikuwa tunavuta mikono ya nguo," Dada akasema, "mimi nimevaa nusu na yeye kavaa nusu, ndipo akanishika kichwa akanibusu hapa. Gopal akapiga honi. Sijamwambia hata neno, Kundan. Miezi yote hii nilikuwa namwandalia maneno."

Alimkamua ng'ombe wetu akiwa na nguo za Ija. Aliingia jikoni akautazama ukuta msafi, akapitisha kiganja juu yake. Bibi akamlisha mpaka akaomba msamaha. Kisha tukakaa uani, jua lilikuwa bado liko upande wa Silkhet, na moshi ukaanza kupanda kutoka paa la tatu.

"Yule ni Ija," Dada akasema. "Anapuliza moto wangu."

Hatukusoma sana. Nilitaka kumwomba radhi kwa neno la siku ile. Alinikataza kwa mkono kabla sijafungua mdomo, akasema nimpe lenzi. Nikampa lenzi yote, uso wa kwanza na wa pili, nikasahau hasi. Akanipiga kofi la kisogo. Nilikuwa nimelikosa kofi hilo tangu Novemba.

4 Machi

Nimechoka lakini niandike.

Tulipanda shuleni pamoja, Dada akiwa na sari ya Ija. Wasichana wa darasa langu walimtazama rangi ya utosini. Mwalimu Upreti alikuwa langoni na mwavuli wake, akawa anamwambia kila anayeingia, "Dipoli! Dipoli!" Alipomwona Dada akaushusha mwavuli. "Hansi, binti yangu, safari hii tazama saa. Usifikiri. Andika tu."

"Nitafikiri haraka, Mwalimu," Dada akasema.

Wanaorudia waliwekwa safu ya mbele, mimi nikawa nyuma kabisa karibu na dirisha. Dipoli haikuja. Nilisikia mtu anaguna kama amechomwa. Swali kubwa la mwisho lilikuwa ile yenye nyota moja: kwa kuchora mwenendo wa nuru, toa fomula ya mtengeneza lenzi.

Nikanyanyua macho nikamtazama Dada. Alikuwa mbele, kanipa mgongo, na bega lake la kulia lilikuwa linakwenda. Halikusimama. Mwaka jana, aliniambia, alikaa robo ya muda akichungulia dirishani. Leo aliandika kama anayekata majani, akasimama kuomba karatasi ya ziada, akarudi akaendelea. Nami nikaandika, "Tuchukulie lenzi nyembamba." Nilipofika kwenye umbali wa kitu kalamu ikaganda. Nikajiuliza kama alivyonifundisha: mimi ndiye lenzi, nuru inakwenda wapi? Kitu kiko nyuma. Nikaweka hasi, kubwa, mtu aione akiwa Delhi.

Saa saba kengele. Nilimtafuta uwanjani, watu kibao, wote wanalaani dipoli. Gopal alikwisha kuwasha gari, maana saa kumi nyati anatakiwa kukamuliwa na Ija anatakiwa kurudi kabla ya giza. Dada alikuwa kiti cha mbele tayari. Nikakimbia nikashika dirisha.

"Uliweka?" akauliza.

"Niliweka. Wewe umemaliza?"

Alikuwa anajibu, lakini Gopal akaingiza gia, na jipu letu lina injini ambayo haisikilizi mtu. Niliona mdomo tu. Kisha akatoa mkono nje akaupunga bila kugeuka, maana Gopal alikuwa anakata kona.

Jioni Ija akapanda ngazi na sari yake ya buluu. Sari inanuka nyati.

5 Machi

Ija amelala mpaka jua likatoka, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikamuuliza, nyati alikubali?

"Aligeuka akanilamba bega," akasema, "akadhani mimi mwanangu."

7 Machi

Maneno ya Ija yanatoka moja moja. Leo, akichambua dengu, amesema jinsi chupa zake zilivyokwisha usiku ule ule, maana kazi ya nyati ina jasho. Mavyaa yake Hansi alimwona anatikisa chupa tupu. Hakumkaribisha maji, angemkaribishaje? Alikuwa amekaa na chai yake mkononi, akaimwaga. Wakakaa wawili na kiu wakitazamana. Asubuhi Ija akaamka akazikosa chupa. Akatoka nje akamkuta yule mama anapanda njia ya mawe kwa makalio, ngazi moja moja, goti limefungwa kitambaa, chupa mbili zimejaa.

"Akaniambia, 'Haya ni ya chemchemi. Chemchemi si ya nyumba yangu, ni ya Mungu na ya kijiji. Kunywa, dada.' Nikanywa."

Nimerudi kwenye kurasa za Januari na Februari nikafuta lile jina. Halikufutika vizuri, wino wangu mbaya. Mama yake Diwan, basi. Mama Diwan.

15 Machi

Chait imeingia, mwezi ambao ndugu huwapelekea dada zao walioolewa kapu la vitu vya nyumbani. Asubuhi watoto wametuwekea maua mlangoni. Mitihani imekwisha, kwa hiyo nimekwenda mimi Silkhet na kapu: maandazi matamu ya unga wa mchele, nguo moja, na ule uzi wa ndege wa unga kutoka msumarini, wamekauka kama mawe. Dada aliuvaa shingoni pale pale akawa anaguguna kichwa cha ndege na jino la pembeni.

Mama Diwan alinipa maziwa ya yule nyati. Mimi ndugu naruhusiwa, nikanywa vikombe viwili, nikamsalimu kwa kumgusa miguu, goti nikiwa mwangalifu.

Kisha Dada akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu," akaniteremsha chumba cha chini anakolala nyati.

Chumba kilikuwa kimepakwa udongo mpya, laini, alama za vidole vya Ija zikionekana kwenye pembe. Sakafu, ukuta wa kulia, ukuta wa nyuma, hata chini ya hori. Ija hakutuambia. Usiku ule, nyati amekwisha kamuliwa, alishindwa kukaa bure.

Ukuta wa kushoto haukupakwa wote. Ulikuwa mweusi kwa makaa kutoka chini mpaka ninapofikia kwa mkono. Dipoli, kapasita, koili, prizimu, na chini ya kila moja michirizi minne ya vidole. Udongo mpya ulikuja mpaka pembeni kabisa mwa mistari, ukazunguka kila herufi kama mtu anayepita kando ya mtoto aliyelala.

"Nilirudi jioni ile nikakuta hivi," Dada akasema. "Mavyaa anasema alimwambia, paka na huo, mbona unaacha mchafu? Ija akamjibu, huo bado."

Nyati akanisukuma kwa pua. Nikaisoma ile ya mwisho, karibu na mlango. Ilikuwa lenzi. Uso wa kwanza, uso wa pili, milinganyo imejumlishwa, taswira ya kati imejifuta. Ikaishia hapo. Mstari wa mwisho, ule wa kitu kilicho mbali kusikofikika, haukuwepo, wala michirizi.

"Mbona hukumalizia?"

"Nyati alianza uchungu," akasema. "Halafu sikuwa na moyo."

"Na kwenye mtihani?"

"Si nilikwambia dirishani?"

"Sikusikia."

Akanitazama, akatabasamu kidogo na huku macho yamejaa. "Nilimaliza," akasema. "Nikabakiwa na muda wa kutazama dirishani."

Matokeo ni mwezi wa Mei. Hatujui. Nimerudi na jipu la jioni.

Nimemkuta Ija jikoni. Nikamwambia nimeuona ukuta.

"Ukuta gani?"

"Ija."

Akapuliza moto, akakohoa moshi. Ija hajui kusoma hata jina lake. Akauliza bila kugeuka, "Ile ya karibu na mlango, alikuwa ameimaliza?"

"Ulikuwa umebaki mstari mmoja."

"Nilijua," akasema. "Hakuwa amejifuta vidole."